Pindo la Gauni

Mwaka jana mkesha ulinikuta na kuku mkononi,
maji ya moto, manyoya hadi kwenye nyusi.
Kengele ya abasia ikalia mara ya kwanza,
nikasema, bado sijakuna nazi.
Ikalia ya pili: wali haujakauka,
na gauni la Hilmara liko kwa fundi,
na fundi ana watu ishirini mlangoni,
kila mmoja kaambiwa, "Yako ndiyo inayofuata."

Misa niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.
Usiku mtoto akarudi na gauni la mwaka juzi,
akaniambia, "Mama, Mtoto Yesu kalazwa kwenye majani
na hakuna aliyemfunika."
Nikamjibu, "Nenda kalale."
Jibu hilo nimekaa nalo miezi tisa.

Basi mwaka huu mabibo yalipoanza kudondoka,
korosho hazijafika hata ghalani,
nilichukua daftari la mtoto lililokwisha
nikaandika nyuma ya hesabu zake.
Mchele kilo kumi. Nikafuta, nikaandika sita.
Soda kreti mbili. Nikafuta.
Pazia jipya. Nikafuta, nikacheka peke yangu:
nani atazaliwa dirishani kwangu?

Malipo ya mnada wa kwanza yalipoingia simuni kwa Otmari
nilimwahi kabla ya wauza vyombo.
Tukatenga ya ada, ya salfa, ya sadaka,
na ya sikukuu, kidogo, kwenye kopo la maziwa.

Oktoba nikatoa kitenge sandukuni, nikampelekea fundi Mnali.
"Mama Hilmara, Krismasi? Hata mchwa hawajaiwaza!"
Akashona siku mbili, bila kusimamiwa.

Kuku niliwatenga wanne. Mmoja kaliwa na kicheche.
Sikulia; Desemba ilikuwa mbali.

Jumapili ya kwanza ya Majilio padri kavaa zambarau.
Nyumbani tukawasha mshumaa, tukashika rozari,
Otmari akasinzia kwenye Salamu Maria ya nne.
Nikaangalia orodha yangu, yote yamepigwa mstari.
Nikajiona nimemaliza.

Jumapili ya pili nikamvalisha Hilmara gauni.
Magoti nje!
Mtoto karefuka, hakungoja orodha ya mtu.
Fundi akalishika pindo, akatikisa kichwa:
"Hapa hapafunguliki. Kitambaa kama hiki kipo kingine?"

Kipo. Kwa Apolonia.
Tulikata jora moja, mimi na wifi yangu,
kule Masasi, siku tulipokuwa bado tunacheka,
kabla ya mkorosho ule wa mpakani,
debe mbili za korosho, na maneno
ambayo hata nyuma ya daftari hayaandikiki.

Mchele niliuandika. Hilo sikuliandika.
Si kwamba nilisahau. Nililizunguka,
kama mpaliliaji azungukavyo kisiki,
kila mwaka jembe linakata kona palepale.

Nilikwenda jioni, matope ya mvua ya kwanza kwenye ndala.
Nilikuwa na hotuba. Ilikatikia mlangoni.
"Wifi, gauni la mtoto limekuwa fupi."
Akanitazama muda wa kuchambua ungo mzima wa mchele.
Akaingia ndani. Nikasikia sanduku likifunguliwa.
Akatoka na kitambaa, na mkasi.
"Vidole vinne," akasema. "Ana miguu ya kaka yangu."
Ya mkorosho hatukuyagusa. Yatasemwa, au yataoza.

Usiku huu nimekaa benchi la tatu.
Kengele ya kwanza, ya pili, zote zimenikuta hapa.
Mikono yangu haijui pa kukaa, inatafuta mwiko.
Kuku watachinjwa asubuhi; Apolonia ana kisu kikali.
Hilmara anapiga magoti mbele ya pango,
pindo limekolea kuliko gauni, kila mtu anaona kiungo.
Anafungua mtandio wake kichwani,
anageuka kunitazama.

Simwambii kitu.
Naitikia kwa kope.