Nyuzi za Liberec

Saa tisa za usiku, theluji imegandamana na madirisha,
na Radmila Hoskovcová anahesabu maiti.
Kichupa cha Jumatatu: kijani, kama ngano inayochipua.
Jumatano: manjano ya mgonjwa.
Ijumaa maji matupu.
Anaandika daftarini kwa kalamu ya risasi:
*zimekufa maji tena.*

Ndani ya fuwele pia mna risasi,
risasi na bromini, na sizi kidogo,
vitu vitatu vilivyokubaliana kung'aa
bila kukubaliana kuishi.
Ungezipanga elfu tano katika upana wa unywele
na nafasi ingebaki.
Mvuke wa chai unatosha kuziua.
Radmila huvaa barakoa,
si kwa kujikinga yeye.

Bibi yake, Květa, alifuma sufu kiwandani kando ya mto
miaka thelathini na mmoja,
mitambo ikamla sikio la kushoto.
Alikuwa akisema, kwa sauti ya juu kama viziwi wote:
rangi ya kupaka huondoka na mvua,
mpe uzi rangi ungali mchanga.

Radmila amepaka mwaka mzima.

Usiku huu hapaki.
Anazikoroga fuwele katika plastiki iliyoyeyushwa, nzito kama asali,
anaivuta kwenye bomba la sindano,
anafungulia umeme, volti elfu kumi na nane.
Tone linasita nchani.
Linachongoka.
Mara linajirusha, likijipinda, likikonda, likikonda,
na juu ya ngoma ya chuma inayozunguka
shashi inajilaza, nyepesi,
bila kelele hata ya kumwamsha paka.

Anakata kipande cha kiganja, anakitosa katika bilauri.
Siku ya kwanza. Ya tisa.
Siku ya arobaini, ambapo kwingine watu wangeanua matanga,
anazima taa za chumba, anawasha ile ya urujuani:

kijani.
Chini ya maji, kijani.

Otmar, mlinzi wa zamu, anachungulia mlangoni.
"Nini hicho?"
"Kitambaa. Kimelowa, hakijazimika."
Otmar anacheka, anauliza kama kitatosha pazia.

Hakumwambia habari ya risasi.
Kikichakaa, nani atakizika, na wapi,
maji ya nani yatapita juu yake?
Anachonga kalamu yake, anaandika swali hilo
chini ya neno *kijani*,
halafu anakaa akilitazama
hadi theluji inapoanza kuwa nyeupe.