Punje-Mama

Kiangazi cha hamsini na mbili, bonde la Emmental,
watu wa kiwanda walikuja kutoka Basel
na mbao zilizojaa sindano.
Walizichovya katika maji ya kuvu,
wakaichoma rai ingali mbichi, mstari kwa mstari,
na shamba la rai halikutoa rai.
Nilikuwa na miaka saba. Niliuliza kosa lake.
Baba, Gottfried Zaugg, hakupenda maswali:
"Wewe ulichanjwa usiugue.
Hii inachanjwa iugue."

Jumapili, kanisani, sikujua tuombe nini.

Mwezi wa Julai masuke yakaota pembe,
nyeusi, zimepinda kama kucha za paka;
ukivunja moja, ndani zambarau,
na harufu ya samaki aliyesahaulika.
Bibi alizijua kwa jina la kale: punje-mama.
Hakuzigusa.
Alisema zamani zilisagwa pamoja na unga,
watu wakala mkate, wakashukuru,
kisha miguu ikawaka moto usio na moshi
na vidole vikadondoka, vyeusi, bila damu.

Mama alizichuma.
Mfuko kiunoni, kitambaa kichwani, mgongo juani,
punje moja, punje moja, punje moja.
Tulilipwa kwa kilo,
na kilo ni safari ndefu
kwa kitu chepesi kama ukucha uliokatwa.
Cherehani yetu ilitoka humo.

Na kipandauso
kilimpanda siku za ule upepo wa joto
unaoshuka milimani na kuwatia ng'ombe wazimu.
Kwanza msumeno wa mwanga
pembeni mwa jicho la kushoto;
sahani aliyokuwa akiosha ikapoteza nusu,
uso wangu ukapoteza mdomo.
Kisha nyundo.
Alifunga mbao za dirisha, akalala na beseni.
Sisi tulitembea kwa soksi.
Saa ya ukutani tuliisimamisha
kwa sababu ilikuwa ikipiga kelele.

Daktari Röthlisberger alileta kidonge,
kidogo, kisafi, hakina harufu ya kitu.
"Umekichuma mwenyewe, Klara," alisema,
akacheka peke yake.
Mama alikigeuza kiganjani kwa muda mrefu,
kama anayetafuta shamba lake ndani.
Akameza.
Baada ya saa moja alitoka chumbani
na kuomba supu.

Nani angemlaumu?
Akameza tena Jumatano.
Na Ijumaa, kwa kuiogopa Jumamosi.
Na Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa ilifaa.
Dawa ile hukaza mishipa kama mtu anayefunga gunia,
nayo haijui kichwa kinaishia wapi.
Vidole vyake vikawa vyeupe kama mishumaa.
Alivaa glavu za sufu kwenye mavuno.
Asubuhi moja ng'ombe alimpiga teke:
alikuwa akikamua bila kuihisi chuchu,
akaminya mno.
Maziwa yalitapakaa sakafuni, na bibi, mlangoni,
hakuyatazama maziwa. Alivitazama vidole.
Akasema neno moja tu:
"Mkate."

Daktari alikichukua kikopo chote.
Wiki tatu mama alilia gizani,
nyundo zikidai deni na riba yake.
Vidole vilirudi, kimoja kimoja,
isipokuwa ncha ya kidole kidogo cha kushoto
ambayo hadi kufa aliipima kwa sindano ya kushonea
na kusema, "Bado hayupo nyumbani."

Mashamba yale sasa ni malisho.
Kuvu hufugwa kwenye mapipa ya chuma,
hakuna mgongo wa mtu juani.
Mimi nilirithi cherehani
na nusu ya kushoto ya kichwa.
Jana upepo umeshuka, msumeno umeanza,
na neno nililokuwa nikisoma limebaki na mkia.
Nikafungua kikopo.
Kwenye kifuniko, alama zangu za penseli:
moja wiki hii.
Kabla ya kumeza nilijigusa shavu kwa vidole vyote kumi.
Vilikuwa na joto.
Nikachora ya pili,
nikaisimamisha saa.