Asilimia Tano

Gololi ya Tymek haihitaji kusukumwa.
Iweke mlangoni mwa jiko, iache:
itapita chini ya meza, itagonga ndoo ya makaa,
itatulia dirishani.
Nyumba nzima imeinama hivyo, mtaa mzima wa Ruda,
tangu walipochimba chini yetu
wakaandika gharama kwenye daftari la mtu mwingine.

Mimi ni mhasibu. Katowice, ghorofa ya saba.
Kazi yangu mwezi huu: mgodi ufungwe lini,
na kila mwaka wa kuchelewa una bei gani.
Nimepewa jedwali, nikapewa na kiwango cha punguzo,
asilimia tano,
nacho hufanya kazi kama nondo ndani ya sweta:
hakipigi kelele,
ukija kuikunjua kesho, ni matundu.

Hasara ya elfu moja, mwaka ambao Tymek
atakuwa mzee wa themanini,
irudishe leo, ishushe ngazi kwa ngazi:
zinabaki zloti ishirini na sita.
Mkate, siagi, chenji kidogo.
Wenzangu walipokwenda kula nikajaribu asilimia mbili.
Mia mbili ishirini na sita.
Mtoto yuleyule. Mafuriko yaleyale.
Kidole changu tu kimehama kitufe.

Jumapili nikamwambia baba.
Alojzy Kopiec, miaka thelathini na moja chini ya ardhi,
pumzi yake ni changarawe kwenye karai.
Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.
"Nani amekuuliza mtoto ana thamani gani?"
Mkurugenzi, nikasema. Wizara. Benki.
"Sisi tulipoweka nguzo ya kuzuia paa
hatukupiga hesabu ya atakayepita mwakani.
Paa likianza kunong'ona umeshachelewa.
Nguzo ni ghali. Basi. Unaiweka."

Lakini baba, nguzo yenu ilikuwa ya shimo moja,
hii ni ya dunia, na kila nchi inamtazama jirani
atie mkono mfukoni kwanza.
Na hesabu yenyewe, nilitaka aelewe, si mbaya:
umeme wa upepo umeshuka bei, wa jua umeshuka,
inawezekana, inawezekana kabisa,
kinachopanda kila mwaka ni hiyo "tungoje".

"Na vijana wa zamu ya usiku?"

Hapo nikanyamaza.
Jedwali lina safu yao. Ni nyembamba.

Pampu ya joto: zloti elfu arobaini,
serikali italipa nusu na kitu.
Fomu imekaa wiki tatu chini ya chupa ya siki.
Jana ameitia saini, kwa penseli,
kisha akashuka chumba cha chini kuhesabu makaa yaliyobaki.
Tani moja na nusu.
Akapanda na ndoo imejaa, akasimama katikati ya ngazi
kuomba pumzi.

Penseli haikubaliki, baba.

Akafungua mlango wa jiko la chuma,
uso wake ukawa mwekundu upande mmoja.
"Nitaweka wino," akasema, "hii ikiisha."