Futi Sita kwa Saba

Nilikipima chumba kwa utepe wa kushonea:
futi sita kwa saba, na mlango unaofungukia ndani
ukila futi nyingine.
Humu ndimo inamolala cherehani yangu,
humu magunia mawili ya korosho za akiba,
humu sare za watoto wa Naipanga,
na humu sasa, anasema Chilumba,
tutajazia risasi.

Niliangua kicheko.
"Na mimi nitakaa wapi, juu ya bati?"

Nguruwe hawakucheka.
Wiki ile walifukua mistari minne ya mihogo,
wakaacha udongo umepinduka kama kitanda cha mgonjwa.
Na bei ya risasi za shotigani kule mjini
humfanya mtu aisome mara mbili
kisha aulize stendi iko wapi.

Basi tukaanza kwa kutoa, si kwa kuweka.
Magunia yakaenda kwa shemeji.
Koroboi ikatundikwa nje, msumarini.
Jiko la mkaa likahamia nyuma ya choo,
na sigara zake, nilizozipigia kelele miaka kumi na tisa,
baruti ilizifukuza kwa siku moja.
(Sijasahau hilo.)

Mlango wa zamani ukawa meza,
ukakazwa ukutani kwa boliti nne,
maana mashine ya mkono ikivutwa
meza inayocheza hukupa jibu la uongo.
Juu yake rafu nyembamba kama za duka la dawa:
maganda matupu, fataki, marisau.
Baruti peke yake, ndani ya sanduku la mninga,
mbali na dirisha na jua la saa nane.
Ufunguo nauvaa mimi.
Kibali kiko ukutani, ndani ya nailoni,
muhuri wa polisi ukitutazama kama mkwe.

Chilumba ana mkono wa jembe na jicho lenye ukungu.
Mizani ya sonara ilipotua mezani
aliinama hadi pua ikagusa sahani,
sindano ikaruka.
"Sogea," nikamwambia.
Mimi niliyetunga uzi kwa mwanga wa simu,
umeme umekatika, mkesha wa Idi,
nguo za watu kumi na wanne zikinisubiri,
nitashindwa na vumbi jeusi?

Kipimo kimo daftarini, hapa sikitaji.
Si chumvi ya mchuzi, mtu aonje aongeze.
Punje ikizidi, rudisha.
Ukisahau kama umetia, mwaga, anza upya.
Mtu akikuita, weka chini kwanza, ndipo uitike.
Redio tuliizima. Hata ugomvi wa harusi ya Somoe
ulifungwa nje mlangoni, kama mbuzi.

Siku ya kwanza, sita tu.
Saa nzima na nusu, mgongo kwa mgongo,
yeye akivuta mkono wa mashine, mimi nikipima,
kiwiko chake kikinigonga ubavu kila ganda
na hakuna aliyesema samahani.

Usiku wa Jumanne nilihesabu kitandani.
Moja. Mbwa wa Mkwapatira wakalipuka.
Mbili.
Kisha kitu kama kikohozi.
Nikakaa. Nikangoja mlio mwingine,
haukuja.

Alirudi alfajiri, viatu vimelowa.
Nguruwe mmoja, jirani wa misheni kamchukua.
Ganda la tatu alilitoa mfuko wa shati,
akaliweka kando ya mkasi wangu.
"Nilifungua mtutu," akasema,
"nikachungulia mwezi. Sikuuona."

Nikafungua daftari. Ganda la tatu:
hapo ndipo mwalimu aliponipigia simu ya vifungo.
Nilisema weka chini kwanza.
Sikuweka.

Hakunilaumu; angenilaumu ningelala.
Alichukua fimbo, akausukuma uchafu mtutuni
taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi.
Simu yangu sasa hutundikwa nje, pamoja na koroboi.

Leo nina kaptura kumi na moja za kupinda.
Kwenye kisanduku cha bobini kumeingia punje ya marisau,
inabingirika kila ninapokanyaga pedali.
Siitoi.