Rangi ya Viti

Kigari chenyewe chaenea kiganjani,
moja kwa ishirini na nne,
na bado kina nafasi ya ugomvi wa watu wawili.

Dada yangu Bożena amepiga simu kutoka Gdańsk:
"Viti vilikuwa kahawia."
Vyekundu, namwambia. Wekundu wa maini mabichi.
Kimya. Kisha: "Kahawia, Gracjan," na simu ikakatwa.

Hapa Tychy theluji imeziba dirisha la jikoni.
Nimevaa miwani juu ya miwani,
na kati ya kibano na pumzi yangu
kuna mpini wa gia, mwembamba kama unywele wa sikio.
Nikipiga chafya, sina gia.
Nimeshapoteza mbili; sakafu ya nyumba hii inajua kula.
Haraka haina baraka,
na gundi ya haraka ndiyo kabisa:
jana iliniunganisha na mlango wa abiria
mpaka maji ya moto yakatuamua.

Naanza chini. Rangi nyeusi, gundi iliyotiwa maji,
kisha nachekecha vumbi la sufu
nililolikwangua kwa wembe kwenye soksi kuukuu.
Hilo ndilo zulia.
Likikauka nalisugua kwa kijiti cha meno
pale kisigino cha baba kilipokaa miaka kumi na mitatu
kando ya klachi, mpaka pakaota upara.

Dashibodi ina saa moja tu.
Tarakimu nazichora kwa sindano, hazisomeki,
lakini nazichora zote.
Mikanda: utepe wa bahasha ya benki.
Vifungo vyake: karatasi ya fedha ya chokoleti,
na chokoleti nimeila, kazi ni kazi.
Kitasa cha dirisha la kushoto sikiweki.
Kiling'oka kabla sijajua kusoma,
baba akawa anateremsha kioo kwa koleo.

Sindano naipasha moto kwenye jiko,
naigusisha kiti cha dereva, mara moja:
sigara ya mjomba Walerian, siku ya maziko ya bibi.
Nyuma, doa.
Perełka alizaa pale, vitoto vinne,
njia nzima ya Olsztyn, na mvua.
Bożena alikwisha nionya: "Usiniwekee lile doa."
Naliweka. Dogo. Tone la chai na wino.

Imebaki rangi.

Picha zote tulizo nazo ni nyeusi na nyeupe,
na kijivu hakina upande katika kesi hii.
Nimekaa na vikopo viwili wazi mbele yangu,
brashi kavu, taa inanguruma,
ndipo likanijia jambo la kipuuzi:
dada yangu alinitangulia miaka sita duniani.
Gari alilijua kabla yangu.
Kabla yangu walikuwa watatu mle ndani,
wakienda wapi, wakicheka nini, sijui,
wamekalia rangi gani.

Nikapaka kahawia.
Nikaiacha usiku kucha.
Asubuhi, juu yake, nyekundu.
Kisha msasa uliochakaa, taratibu,
nikasugua pembe za viti, pale mapaja yanapokwaruza mtu akishuka,
mpaka kahawia ikachungulia.

Najua. Paa likishafunikwa
madirisha ni madogo kuliko kucha,
na kioo cha plastiki kina ukungu wake.
Mafundi wenzangu wa Jumatano wameniuliza zaidi ya mara moja
nani atakiona kitasa ambacho hakipo.
Sikuwa na jibu. Nikagundisha paa.

Pasaka Bożena akaja na mkoba na magoti mabovu.
Hakuvua koti.
Akaomba tochi, akainama, jicho moja amelifumba,
pua karibu iguse mlango,
na pumzi yake ikaziba kioo.
Tukasubiri kifunguke.
Kikafunguka. Akatazama muda mrefu,
akahamia dirisha la pili, la nyuma, akarudi la kwanza.

"Usukani," akasema,
"umeuweka mkubwa mno."