Mkono Mtupu

Saa kumi na mbili asubuhi, na mawe tayari yana moto.
Shofiqul anapiga nyundo, mimi nahesabu hatua:
kigingi cha chuma kila mita tano,
ishirini na vinne, vimenyooka kama uzi wa fundi
toka mitende iliyokufa hadi ukuta wa shule,
nyuma ya Ibra, pale falaji ilipobaki
mfereji wa vumbi na makopo ya soda.

Umeme haushiki.
Ardhi imekauka hata hodi haisikii.
Mundhir, macho kwenye mashine, anasema: Mwagieni.
Basi tunamwaga maji, ya chupa, ya dukani,
kikombe kwa kila kigingi,
na Bi Thuwaiba anatoka mlangoni, kanga kiunoni.
Kazaliwa Wete, Kiswahili chake hakijaota kutu:
"Nyie wana, mmekuja kutafuta maji
au kuyazika?"

Mkono mtupu haulambwi, bibi, namjibu kwa haya.
Anaguna. Anaingia ndani.
Anarudi na birika lake.

Ndipo umeme unashuka, tabaka kwa tabaka.
Mia tisa: hilo jabali, limekaza roho.
Mia mbili: kokoto kavu.
Kisha, mita thelathini chini, sitini,
na Mundhir anaacha kutafuna tende.
Sitini ni namba tamu. Sitini
huenda ikawa changarawe iliyolowa.

Lakini upande wa shule namba inaporomoka: nne.
Shofiqul anapiga makofi. Mimi sipigi.
Ardhi inayokubali upesi hivyo
ni chumvi, au ni mfinyanzi mtupu;
nami niliwahi kuposwa na mtu wa aina hiyo,
hewala bibi, hewala bibi,
mpaka nilipoonja.

"Yapo?"
Ukinzani unasema labda.
"Labda," anarudia Bi Thuwaiba,
kama anayegeuza kiganjani sarafu isiyotumika tena.
"Na mtambo wa kuchimba unakuja kwa labda?"
Sina jibu. Napaka jiwe rangi nyekundu
juu ya ile sitini.

Adhuhuri tunakunja nyaya, tunang'oa vigingi.
Yanabaki matundu ishirini na manne,
kila moja na unyevu wake, kiasi cha sahani.
Nyigu wameshafika.
Wameshika mstari wetu wote, mitende hadi shule,
kwenye sitini, kwenye nne,
wanakunywa,
hawaulizi namba.