Maji ya Alhamisi

Kwetu Umoja maji huja Alhamisi,
saa kumi usiku, bila hodi.
Mfereji kwanza hukohoa,
hutema hewa, hutema kutu,
kisha hutoa uzi mwembamba kama wa cherehani,
na ghorofa nzima huamka kwa kelele za ndoo.

Kerubo wa chumba cha saba hana tangi.
Ana mitungi mitatu iliyokuwa ya mafuta ya kupikia,
beseni lenye kiraka, birika, sufuria ya ugali,
hata kikombe cha mtoto hukijaza.
Nilimcheka: kikombe nacho?
Akanijibu bila kugeuka,
"Jumatatu utakiomba."

Jumatatu nilikiomba.

Nilikuwa nimelala, sikatai.
Nilisema, bado dakika tano.
Dakika tano zangu zina ukoo mkubwa:
zilizaa kesho,
kesho akamzaa kesho kutwa,
kesho kutwa akamzaa mtondo,
mtondo akamzaa mtondogoo,
na vitukuu vyao vimejaa chumbani humu:
koti la marehemu baba
linalongoja vifungo viwili tangu mvua za mwaka juzi;
fomu ya chuo cha ufundi, jina nimeandika,
mengine wazi;
simu ya shangazi Bosibori
niliyosema nitaipiga nikitulia.

Shangazi hakungoja nitulie.
Tulimzika Nyamira, mwezi wa nane.
Nambari yake bado ninayo,
na muda wa maongezi ninao, shilingi hamsini,
haujaguswa.

Hakuna anayetangaza ratiba ya hayo mengine.
Kampuni ya maji angalau hubandika karatasi langoni.

Leo Alhamisi. Saa kumi kasorobo.
Nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
tochi ya simu nimeibana kwa kidevu,
natunga uzi, unakosa tundu,
naulamba, natunga tena.
Kifungo cha kwanza kimeshika, kimekaa upande kidogo.
Baba angekicheka, kisha angelivaa.

Nje, barabara ya Outering inaanza kunguruma.
Mwenye maziwa anafungua kufuli.
Kerubo amepanga vyombo vyake, kikombe mwisho wa foleni,
ananiona, hasemi neno,
anasogeza beseni lake kidogo
nipate nafasi.

Nina kifungo kimoja mkononi, sindano mdomoni.

Mfereji unakohoa.